ROBO YA 36 ILIVYONIUMBUA MBELE YA MAMA!

HIVI umeshawahi kuitwa katuni mbele za watu? Mimi yamenikuta, tena aliyeniita ni mtoto wa dada yangu, hajafika hata miaka kumi na moja!

Jumamosi asubuhi, tupo nyumbani Ngamiani tunapata chai na mihogo ya nazi, dogo katoa macho kwenye televisheni. Ghafla akanigeukia: "Mjomba, robo ya 36 ni ngapi?" Nikajikuna kichwa. Nikaangalia dari. Nikasema sita.

"Aah Mjomba, wewe katuni kweli!"

Mama alicheka mpaka akapaliwa na chai. Kwa wasionijua, cheti changu cha kidato cha nne kwenye mstari wa Hesabu pana F imekaa raha mstarehe. Nilidhani kesi hiyo ilishafungwa siku nyingi. Kumbe kuna hakimu wa darasa la nne ananisubiri sebuleni.

Sasa mpenzi msomaji, dogo hakuitoa robo yake shuleni. Kaitoa kwenye katuni. Hapo ndipo nilipoanza kuwaza, hivi haya mapicha yanayorukaruka yametufanya nini sisi watu wa pwani?

Zamani katuni ilikuwa ya gazetini. Waulize wazee watakwambia habari za Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru. Wakaja kina Said Bawji na Nico ye Mbajo na gazeti lao la Sani (jina lenyewe ni Said na Nico wameunganishwa, hebu soma tena uone). Humo ndimo alimokuwamo Madenge, na mpaka leo mtoto mtundu kuna nyumba anaitwa Madenge na wazazi ambao gazeti lenyewe hawana hata nakala moja.

Katuni ya kutembea ilichelewa kidogo. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994, wakati wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970. Wakubwa wa mtaani kwetu husimulia jinsi walivyokuwa wakipanda juu ya bati kuzungusha antena, mara kuelekea Pemba, mara kuelekea Mombasa, huku mmoja kasimama dirishani anapiga kelele: "Imekuja! Aah, imekwenda!" Hiyo nayo ilikuwa sinema tosha.

Mimi wangu nimewakuta kwenye kibanda cha video. Mchana wa likizo, kabla hawajaweka picha la ngumi la wakubwa, mwenye kibanda alikuwa anatutuliza sisi watoto na Tom na Jerry. Shilingi mia yako, unakaa chini kwenye mkeka, miguu ya mwenzio mgongoni. Mnakumbuka wagosi?

Wale jamaa ni wazee kuliko mama zetu. William Hanna na Joseph Barbera waliwaanzisha Marekani mwaka 1940, na mpaka 1958 wawili hao walikuwa wametengeneza filamu fupi 114, zikazoa tuzo saba za Oscar. Ule ukelele wa Tom akibanwa mkia na mlango, sauti ni ya Hanna mwenyewe! Mtu mzima anaingia studio kupiga yowe la paka.

Siri yao nyingine ni kwamba hawasemi. Picha la Kihindi au la Kichina ilibidi apatikane mtu kama Lufufu, yule aliyepata jina kubwa kwa kutuingizia maneno ya Kiswahili juu ya filamu za watu. Tom na Jerry hawakuhitaji mkalimani. Babu asiyejua kusoma na mtoto wa chekechea walicheka dakika ileile. Halafu sisi kwa desturi tunasema paka akiondoka panya hutawala. Pale paka yupo, tena kanuna, na panya anatawala vilevile! Pale mkekani sikumbuki hata mmoja aliyekuwa upande wa Tom.

Ndio maana jina limehama kwenye kioo likaja mtaani. Mke na mume wasiopatana, Tom na Jerry. Mgambo na mama wa mihogo, Tom na Jerry. Coastal Union na African Sports hapa mjini, haohao, ila usiniulize nani panya, nyumba yangu naipenda.

Kuna nyingine nayo, The Simpsons, ya Wamarekani, ipo hewani tangu 1989 na haijachoka. Hii kijiweni ina sifa ya ajabu: kila mtu anaijua lakini waliokaa wakaitazama mwanzo mpaka mwisho utawahesabu kwa vidole. Kwetu si komedi, ni mganga! Likitokea jambo duniani, mshikaji atakuonyesha kwenye simu: "Simpsons walitabiri hii." Ni kweli mwaka 2000 walimtaja Trump kuwa rais, na 2016 akachaguliwa. Lakini ukipiga risasi mia saba gizani, mbili tatu zitampata sungura. Nyingi ya zile picha zinazozunguka kwenye simu hazimo hata kwenye kipindi chenyewe, watu wanazichora halafu wanatubambikia.

Haya, turudi kwa dogo na robo yake.

Anachokitazama ni Ubongo Kids. Kimetengenezwa Dar es Salaam na kilianza kurushwa TBC1 Januari 2014, mimi nikiwa bado shule ya msingi. Kina Kibena, Koba na Kiduchu wanaishi kijiji kinaitwa Kokotoa, wanapata matatizo, wanayatatua kwa hesabu na nyimbo, na wanachekesha. Mtoto alikuwa anaulizwa swali, anajibu kwa meseji ya simu. Kwa mara ya kwanza nikaona katuni inaongea kama watu wa nyumbani. Wanakosea wakasemana kwa Kiswahili, anavyosema mtoto wa Chumbageni.

Nilikiona mara mbili tu. Mwaka 2013 mitambo ya analojia ilizimwa hapa Tanga, ukawa huna king'amuzi, huna televisheni. Sisi hatukuwa nacho. Yetu ilibaki na chenga, mama akaifunika kitambaa akaweka maua ya plastiki juu. Nyumba ya jirani kilikuwapo, lakini jirani ana wake wanne wa kukaa kwenye makochi na watoto wake kumi na moja, ukifika unatazamia dirishani, na dirishani sauti haifiki.

Sisemi F yangu imetoka hapo. Uvivu nilikuwa nao, tena wa kutosha. Ila watafiti walikwenda Morogoro kuwapima watoto waliotazama Akili and Me, kipindi cha haohao Ubongo kwa wadogo zaidi, wakakuta wamepiga hatua kwenye kuhesabu na kutambua maumbo kuliko wenzao. Nilipoisoma hiyo nilikaa kimya kidogo. Nililikumbuka lile dirisha.

Jumamosi iliyofuata nikaamka mapema makusudi. Nikakaa kochi moja na dogo, kalamu mkononi, nimejiandaa kulipa kisasi. Kipindi kilipokwisha akanitega tena, safari hii kwa lugha ya chuoni kwao: "Haya Mjomba, thumni ya 40?"

Mie ndiyo kwanza nachora mistari kwenye karatasi. Jibu likatokea jikoni.

"Tano."

Wote tukageuka. Mama hakuinua hata uso, anakuna nazi yake.

"Bibi, umejuaje?" dogo akamuuliza. "Na wewe unatazama?"

"Mimi nina muda wa kutazama paka na panya?" mama akasema. "Marehemu babu yako alipoondoka niligaiwa thumni yangu. Wamekaa hapo ukumbini wanahesabu, na mie nyuma ya pazia nahesabu."

Dogo akanitazama. Nikachukua kikombe changu, nikaenda kuongeza chai.