Kabla ya kununua mtoto wa mbwa, muone kwanza mama yake

Tangu usalama uharibike huku kwetu Ituri, parsele nyingi za Bunia zinatafuta mbwa wa kulinda, na kila mtu anataka "berje", yule mbwa mkubwa wa Ujerumani mwenye masikio yaliyosimama. Mwaka jana nami nilinunua mmoja. Kijana aliyeniuzia alikuwa na watatu ndani ya katoni kando ya barabara, akaniapia kwamba ni berje wa kweli. Mama yao yuko wapi? "Yuko nyumbani, Mama." Sikuuliza zaidi. Siku ya nne yule mdogo alianza kutapika na kuharisha damu, siku ya sita tukamzika nyuma ya jiko. Watoto walimlilia mbwa. Mimi nililia dola zangu 50.

Veterineri niliyemweleza hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Mama yake ulimuona?"

Swali hilo linatuhusu sisi watu wa Ituri kuliko tunavyodhani. Msitu wetu una mbwa ambaye ndugu zake wanafugwa leo Ulaya na Marekani kama mbwa wa ukoo. Ni yule mdogo mwekundu, mkia umejikunja mgongoni, ambaye Wambuti wa upande wa Mambasa wanawinda naye. Habweki kama mbwa wengine, ndiyo maana wanamfunga kengele ya mti shingoni wapate kujua yuko wapi. Wazungu walimwita basenji, neno la Lingala, ndugu wa "washenzi" yetu. Walimpa jina la matusi, kisha wakamtamani! Mwaka 1937 alioneshwa Uingereza katika maonyesho makubwa ya mbwa ya Crufts.

Lakini waliopelekwa huko walikuwa wachache sana, na vizazi vyote vilitoka kwao, ndugu wa karibu wakizalishwa na ndugu. Baada ya miaka, magonjwa yaliyojificha ndani ya damu yakatoka nje. Moja lilikula damu yenyewe na kuua mbwa wangali vijana. Lingine, linaloitwa Fanconi, ni la figo: sukari na vitu vingine vya lazima mwilini vinatoka na mkojo. Hili ni janja, kwa sababu mara nyingi linaonekana mbwa akiwa na miaka minne au zaidi, wakati amekwisha kuzaa na kuwarithisha watoto. Basi mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walirudi huku kwetu, Zaire ya wakati ule, wakapita vijiji vya kaskazini mashariki kutafuta damu mpya. Mwaka 1990 mbwa 14 wapya waliandikwa katika kitabu cha ukoo huko Marekani. Tangu 2011 kuna kipimo cha ADN kinachoonyesha nani anabeba Fanconi, ili wawili wenye kuibeba wasikutanishwe.

Kwa hiyo mtu akikuambia "ni damu safi", usishangilie haraka. Muulize baba ni nani, na kama si kaka au baba wa huyo jike. Hapa Bunia berje ni wachache, na mwenye dume na jike wa tumbo moja anashawishika kuwakutanisha. Kaa kidogo umwangalie mama: je, amekonda mpaka mbavu zinaonekana? Anauma wageni kwa woga? Watoto wake watamfuata. Mtoto mzima ana macho makavu, ufizi wa rangi ya waridi, matako safi, na anakuja kwako mwenyewe. Tumbo lililovimba kama ngoma ni minyoo, na minyoo hiyo inaweza kupita kwa watoto wetu wanaocheza chini. Asiachishwe mama kabla ya juma la nane.

Akifika miezi mitatu apate chanjo ya kichaa cha mbwa, awe berje au mbwa wa kijiji, kisha irudiwe kila mwaka. Hapa sifanyi mchezo. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa waliambukizwa na mbwa, na wengi ni watoto. Mtoto akiumwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha siku ileile mpeleke kituo cha afya. Dalili zikianza, dawa hakuna.

Mwezi uliopita nilikwenda Mudzipela kwa mama mmoja ambaye jike lake limezaa watano. Si berje, ni mbwa wa huku kwetu, manyoya yanang'aa, alininusa mkono akarudi kunyonyesha. Nilitaka kuondoka na mmoja siku hiyohiyo. Mwenyewe akakataa: "Subiri, Mama, bado wananyonya." Zimebaki siku 11.