Baba yuko Manchester, amri iko Nakuru

Mama anayefika ofisini na amri ya matunzo mkononi, baba wa mtoto ameshapanda ndege, huuliza: atakamatwa lini? Wakili humrudishia swali jingine: amekwenda nchi gani? Amri ya mahakama ya Nakuru, muhuri wake uwe mwekundu vipi, haimkati mtu mshahara Manchester mpaka mahakama ya kule iipokee. Kuna nchi zinazoipokea, na kuna zisizoijua kabisa.

Wajibu wenyewe hauna ubishi. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinawabebesha mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au la. Kusafiri hakumpunguzii mtu hata senti, na malimbikizo huendelea kuhesabika. (Anayeondoka huwa mama pia, utaratibu ni uleule.)

Akiwa Uingereza, mlango upo. Kenya ina sheria ya kutekeleza amri za matunzo, Sura ya 154, iliyorithiwa tangu ukoloni. Waingereza nao wana ya kwao ya 1972, inayoitambua Kenya na Tanzania, isipokuwa Zanzibar. Amri husafirishwa kupitia serikali hadi REMO, kitengo cha London kinachoshughulikia amri za matunzo kutoka nje, kisha mahakama ya huko huisajili na kuitekeleza kama yao, hata kwa kumwagiza mwajiri akate mshahara.

Kinachokwamisha kesi nyingi ni faili. Panahitajika nakala ya amri iliyothibitishwa na mahakama, hesabu ya malimbikizo iliyotiwa saini, maelezo ya alipo mdaiwa na ya kumtambulisha, na picha yake ikipatikana. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, si lile la mtaani. Jina la mwajiri lina thamani kuliko anwani, kwa sababu watu huhama nyumba.

Halafu kuna taarifa. Baba aliyehukumiwa bila kujua kuwa ameshtakiwa atalalamika hivyo kule, na atasikilizwa. Omba kwanza idhini ya mahakama ya kumpelekea hati nje ya nchi. Tangu 2020 kanuni za kesi za madai nchini Kenya zinaruhusu hati kutumwa kwa barua pepe au kwa programu za ujumbe wa simu, kwenye namba anayoitumia. Uthibitisho kwamba ujumbe umefika huambatishwa kwenye kiapo cha aliyeutuma. Zile tiki mbili za WhatsApp, ambazo wengi huzitazama kwa hasira tu, ni ushahidi, zihifadhi.

Kama aliondoka kabla ya amri kutolewa, mahakama ya hapa inaweza kutoa amri ya awali bila yeye kuwepo. Hiyo haimbani mpaka mahakama ya Uingereza imwite, isikie utetezi wake, kisha iithibitishe, iipunguze au iikatae.

Jambo moja wengi hulipuuza: kiwango hubadilishwa kuwa pauni kwa thamani ya siku amri inaposajiliwa. Shilingi ikianguka baadaye, zile pauni hazianguki nayo. Lakini shilingi 15,000 zilizopangwa alipokuwa akiendesha matatu hazilingani na mshahara wake wa sasa, na mimi ningeomba kiwango kipandishwe kabla ya faili kuondoka.

Marekani ni habari nyingine. Imo katika Mkataba wa Hague wa 2007 kuhusu matunzo ya watoto tangu tarehe 1 Januari 2017, lakini Kenya na Tanzania hazimo. Mama bado anaweza kufungua ombi moja kwa moja katika jimbo anakoishi baba. Deni likiwa mikononi mwa idara ya matunzo ya jimbo na kuzidi dola 2,500, baba hunyimwa pasipoti ya Marekani. Mwenye pasipoti ya Kenya hilo halimgusi, mpaka apate uraia wa huko.

Kwa aliye Saudia, Qatar au Dubai, nchi za Ghuba hazimo katika mkataba huo, na sishauri kumaliza akiba kwa nauli na mawakili wa kule. Wengi wa hawa hujenga nyumbani. Mahakama ya Kenya inaweza kukamata kiwanja chake, au kumwagiza mpangaji alipe kodi kwa ajili ya mtoto. Basi tafuta namba ya kiwanja, maana msajili wa ardhi hatafuti kwa uvumi wa majirani.