Barua ya kuomba uanagenzi si bakuli la ombaomba

Wahenga walinena kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Kwa kijana anayetamani kuwa wakili katika nchi hii, asubuhi hiyo si siku anapovaa joho na kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu huku jamaa zake wakipiga vigelegele. Asubuhi yake ni siku anapoketi kuandika barua ya kuomba nafasi ya uanagenzi katika ofisi ya mawakili. Barua hiyo ni kesi yake ya kwanza, na mteja wake wa kwanza ni yeye mwenyewe. La kusikitisha ni kwamba wengi huishindwa kesi hiyo kabla haijasikizwa.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni dogo. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16 ya Sheria za Kenya, haitosheki na shahada peke yake. Kifungu cha 13 kinamtaka mhitimu apate mafunzo ya kazi chini ya wakili, kwa muda usiozidi mwaka 1, na afaulu mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria. Kwa desturi ya sasa, mafunzo hayo ya ofisini huchukua miezi 6, na huambatana na masomo ya Chuo cha Sheria cha Kenya kilichoko Karen, Nairobi. Asiyepata wakili wa kumpokea hawezi kuapishwa, hata kama alitia fora katika kila mtihani. Miaka 4 ya chuo kikuu na gharama zote za wazazi hubaki zikining'inia kwenye uzi mmoja mwembamba.

Hapo zamani uzi huo haukuwa na wengi wa kuung'ang'ania. Chuo cha Sheria kilipoanzishwa mwaka wa 1963, kazi yake ilikuwa kuwafunza makarani waliokuwa wakijifunza uwakili katika ofisi za mawakili. Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilifunguliwa mwaka wa 1970, na kile cha Chuo Kikuu cha Moi kikafuata mwaka wa 1994. Tangu hapo vyuo vinavyofundisha sheria vimeongezeka, vya umma na vya kibinafsi. Wahitimu wamekuwa wengi, na kila msimu milango ya ofisi zile zile za jiji hubishwa na umati. Katika hali hii, barua ndiyo inayosema kwa niaba ya kijana asiye na mjomba wa kumpigia simu.

Kila mwaka wanafunzi huniletea barua za aina hii ili niwasahihishie lugha. Nyingi huandikwa kwa Kiingereza, lakini maradhi yake ni yale yale katika lugha zote mbili. Sarufi aghalabu haina ila kubwa. Ila iko katika msimamo wa mwandishi. Anapiga magoti. Ofisi anayoiandikia anaiita tukufu, mwenyewe anajiita mnyenyekevu, kisha anaapa kwamba atashukuru mno akifikiriwa. Ukiimaliza barua yenyewe, unajua kwamba mwandishi ana shida, lakini hujui anaweza kufanya nini.

Yamkini lugha yetu nayo imechangia. Kitenzi "kuomba" kimebebeshwa mizigo mingi. Tunamwomba Mungu, tunaomba radhi, tunaomba chumvi kwa jirani, na ombaomba naye huomba senti kando ya barabara. Kwa kitenzi hicho hicho tunasema "kuomba kazi". Sisemi kwamba neno humfunga msemaji. Kila lugha ina maneno yenye maana nyingi, na wasemaji huzitenganisha bila taabu. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi wa sheria amechagua maana isiyomfaa ilhali iliyo bora anayo mkononi.

Maana hiyo iko mahakamani. Wakili anapotaka korti isimamishe ubomoaji wa nyumba ya mteja wake, huwasilisha maombi. Nayo maombi ya korti hayaendi uchi. Huandamana na hati ya kiapo, na hati hiyo huambatishwa vielelezo: stakabadhi, picha, mkataba, barua. Jaji hamwonei mtu huruma kwa sababu ametumia maneno matamu. Huuliza: umedai hili, ushahidi wako u wapi? Ombi lisilo na ushahidi hutupiliwa mbali, hata likiandikwa kwa wino wa dhahabu. Hivyo ndivyo barua ya uanagenzi inavyostahili kuandikwa. Iwe maombi ya korti, isiwe bakuli la ombaomba.

Hebu tuyatazame madai yanayopatikana katika takriban kila barua. La kwanza ni hili: "Mimi ni kijana mwenye bidii, mwaminifu na ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa." Bidii na uaminifu ni sifa ambazo mtu hutajwa nazo na wengine, akijitaja nazo mwenyewe hazina uzito. Na hilo la kutosimamiwa ni kichekesho kitupu. Uanagenzi kiini chake ni kusimamiwa! Hata baada ya kuapishwa, kifungu cha 32 cha sheria ile ile kinamkataza wakili mpya kufungua ofisi yake mwenyewe kabla hajafanya kazi kwa muda usiopungua miaka 2 chini ya wakili mwenye uzoefu wa miaka 5 au zaidi. Kijana anayejigamba kwamba hahitaji kusimamiwa anamwambia wakili, bila kujua, kwamba hajaisoma sheria ya kazi anayoiomba.

La pili ni barua moja kutumwa kwa ofisi 40. Siku hizi za baruapepe jambo hilo ni rahisi kama kupepesa jicho. Mwandishi hubadilisha jina la ofisi, na wakati mwingine husahau hata hilo. Ofisi inayoshughulikia mashamba na urithi inaambiwa kwamba mwombaji amevutiwa na sifa zake katika sheria za benki. Wakili husoma mstari mmoja, akatabasamu, akaifunga barua. Heri barua 6 zilizoandikwa baada ya uchunguzi kuliko 40 zilizorushwa kama mawe gizani.

La tatu ni wasifukazi unaotaja kila kitu isipokuwa kazi. Tunaambiwa shule ya msingi, alama za mtihani, na uraibu wa kusoma vitabu na kutazama kandanda. Hatuambiwi kama mwombaji amewahi kumhoji mteja, kuandika hati yoyote, au kuketi mahakamani akafuatilia kesi moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Basi wakili anatafuta nini? Jibu limo katika kazi za kila siku za mwanagenzi. Hufuatilia faili kwenye masijala ya mahakama. Huwasilisha nyaraka kwa mtandao, kwa kuwa mfumo huo ulianza katika mahakama za Nairobi tarehe 1 Julai 2020 na baadaye ukaenezwa nchini. Hutafuta maamuzi ya kesi zilizotangulia na kuyafupisha ili wakili ayasome kwa dakika chache. Huandaa rasimu za barua na hati za kiapo. Huketi na mteja akasikiliza maelezo marefu yaliyochanganyika na machozi, kisha akayapanga yawe na mwanzo, kati na mwisho. Kazi hizi zote, zikichunguzwa vyema, ni kazi za lugha: kusikiliza, kufupisha, kupanga, kufafanua. Kwa hiyo barua yenyewe ni sampuli ya bidhaa inayouzwa. Barua yenye maneno mengi na maana haba inatangaza kwamba mwandishi wake ataandika hati za namna hiyo hiyo.

Chukua mfano huu wa kubuni. Badala ya kusema kwamba ana ujuzi mkubwa wa mawasiliano, mwombaji anaweza kuandika hivi: "Nikiwa katika mwaka wa tatu nilihudumu katika kliniki ya sheria ya chuo chetu. Niliwahoji wapangaji waliotishiwa kufukuzwa, nikaandika maelezo yao kwa Kiswahili na kuandaa rasimu ya hati ya kiapo kwa Kiingereza. Nakala ya rasimu hiyo, ambayo majina yameondolewa, nimeiambatisha." Hapo hakuna sifa hata moja, lakini kila sifa imeonekana. Wakili ameshajua kwamba huyu anaweza kusikiliza, anaweza kuandika, na anajua kwamba siri ya mteja haianikwi juani.

Nimekitaja Kiswahili kwa makusudi, maana hapa pana hazina ambayo vijana wetu wanaikalia. Katika barua nyingi nizisomazo, Kiswahili hakitajwi kabisa, au hutajwa mwishoni kabisa, jirani na kandanda. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinakitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 49 kinaagiza kwamba anayekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Nayo Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, kifungu cha 198, inasema kwamba lugha ya mahakama zilizo chini ya Mahakama Kuu ni Kiingereza au Kiswahili. Katika mahakama hizo za chini ndimo mwananchi wa kawaida hukutana na sheria kwa mara ya kwanza. Mwanagenzi anayeweza kumweleza mama wa sokoni maana ya dhamana, rufani au zuio kwa Kiswahili sanifu kinachoeleweka anaiokoa ofisi kutokana na makosa yanayogharimu kesi. Neno lenyewe "wakili" tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenzake. Utakabidhiwaje jambo ambalo mwenyewe hamwelewani?

Hata hivyo, haitakuwa haki kuwatwika vijana mzigo wote. Sheria imewapa mawakili ufunguo wa lango hili, na mwenye ufunguo ana wajibu. Si siri kwamba baadhi ya nafasi hugawanywa kwa kujuana kabla barua yoyote haijafunguliwa. Si siri vilevile kwamba baadhi ya wanagenzi hulipwa, baadhi hupewa nauli tu, na wengine hawapati chochote. Kuna wanaojitetea kwamba mwenda bure si mkaa bure. Sawa, lakini methali hailipi kodi ya chumba wala haipandi matatu. Mtoto wa mkulima aliyetoka mashambani akiambiwa aishi Nairobi miezi 6 bila senti, amefungiwa mlango kwa adabu.

Uanagenzi huu tuliurithi kwa Waingereza. Kwao, Baraza la Mawakili liliagiza kwamba kuanzia mwaka wa 2003 kila mwanagenzi alipwe angalau pauni 10,000 kwa mwaka, na kiwango hicho kimepandishwa tangu wakati huo. Sisi tuliichukua desturi tukaliacha hilo la malipo nyuma. Sisemi kwamba ofisi ya wakili mmoja mjini Busia iweze yawezwayo na ofisi za London. Lakini posho ya nauli na chakula, itangazwe wazi na kutolewa kwa wote, haiwezi kumfilisi yeyote. Mkono mtupu haulambwi. Aidha, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: mwanagenzi apewe hati aandike, asigeuzwe tarishi wa kununua chai.

Vijana nao wapanue macho. Uwakili haukuzaliwa Upper Hill wala Westlands. Mahakama ziko Kitale, Voi, Garissa na Homa Bay, na mawakili wako huko ambao humpa mwanagenzi kazi halisi tangu wiki ya kwanza. Kwa mafunzo ya likizo, mwanafunzi anaweza pia kuyaendea mashirika kama Kituo cha Sheria, lililoanzishwa mwaka wa 1973 kuwasaidia wasiojiweza, au FIDA-Kenya, lililoanzishwa mwaka wa 1985 kutetea haki za wanawake. Huko ndiko hupatikana vielelezo vya kuambatisha kwenye barua ya kesho.

Kwa walimu wenzangu nina neno moja. Katika shule zetu barua rasmi hufundishwa kama umbo: anwani mbili, tarehe, mtajo, mada, mwili na kimalizio. Umbo ni muhimu, lakini tumelisahihisha umbo tukausahau mwili. Mwanafunzi hupata alama kwa kuiweka anwani mahali pake na kupambwa kwa "wako mwaminifu", hata kama hajathibitisha lolote. Tumwulize swali la jaji tangu kidato cha pili: umedai hili, ushahidi wako u wapi? Akizoea kulijibu swali hilo katika insha, atalijibu katika barua, na siku moja atalijibu mahakamani kwa niaba ya mtu ambaye uhuru wake au shamba lake limo hatarini. Mtu huyo hatamhitaji wakili mwenye maneno ya kunyenyekea. Atamhitaji anayejua kuthibitisha.