Kwa nini mafuta ya mbegu za kanzira hayafai jikoni

KANZIRA ikiachwa shambani bila kuchumwa hutoa maua ya manjano, kisha maganda membamba yaliyojaa mbegu ndogo za mviringo. Huko Turbo, kwenye barabara ya kutoka Eldoret kwenda Webuye, ambako mahindi na maziwa ndiyo tegemeo la wengi, mkulima anayezitazama mbegu hizo huenda akajiuliza: ikiwa alizeti hukamuliwa mafuta, mbona hizi zisikamuliwe?

Mafuta yamo, tena si haba. Tatizo ni kwamba takriban asilimia 40 ya asidi zinazoyaunda ni asidi ya erusiki, mojawapo ya zile ambazo wanakemia huziita asidi za mafuta zenye mnyororo mrefu sana.

Asidi ya mafuta ni mnyororo wa chembe za kaboni zilizozungukwa na haidrojeni, wenye kichwa cha asidi upande mmoja. Huainishwa kwanza kwa urefu. Siagi ya ng'ombe wa Turbo ina asidi ya butiriki, yenye kaboni 4 tu, ambayo ndiyo hutoa harufu kali siagi inapochacha. Mafuta ya nazi ya Pwani yamejaa asidi ya lauriki, yenye kaboni 12. Alizeti ina asidi za kaboni 18, na hizo huhesabiwa kuwa ndefu. Kuanzia kaboni 22, asidi huingia katika kundi la ndefu sana, ingawa wapo wataalamu wanaoanza kuhesabu mapema kidogo.

Erusiki ina kaboni 22 barabara. Fomula yake ni C22H42O2, na katikati ya mnyororo ina kifungo maradufu kimoja, kilicho kwenye kaboni ya tisa ukihesabu kutoka mkiani. Kwa sababu hiyo huwekwa katika jamaa ya omega-9, pamoja na asidi ya oleiki ya mafuta ya zeituni. Kwa hakika erusiki ni oleiki iliyorefushwa: mmea huichukua oleiki ya kaboni 18 na kuiongezea kaboni mbili, kisha mbili nyingine.

Kifungo hicho huupinda mnyororo, na pindo hilo huzuia molekuli kupangika kwa karibu. Ndiyo maana erusiki huyeyuka kwenye nyuzijoto 34 hivi za Selsiasi, ilhali asidi ya beheni, yenye kaboni 22 vilevile lakini isiyo na kifungo maradufu, hungoja hadi nyuzi 80. Erusiki haiyeyuki katika maji bali katika alkoholi. Huchemka kwenye nyuzi zaidi ya 380, na ndani ya mafuta huwa imeshikamana na gliseroli. Kwa hivyo anayedhani kwamba kuyachemsha mafuta sufuriani kutaiondoa anajisumbua bure.

Mwilini, asidi fupi huchomwa moja kwa moja katika mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Zile ndefu sana sharti kwanza zikatwe katika vyumba vingine viitwavyo peroksisomu. Moyo huchoma erusiki kwa taabu. Majaribio ya panya yaliyozua hofu katika miaka ya 1960 na 1970 yalionyesha mafuta yakijilimbikiza katika misuli ya moyo. Ulimbikizaji huo hupungua lishe ikibadilishwa, na madhara ya aina hiyo kwa binadamu hayajathibitishwa. Hata hivyo, wadhibiti wa vyakula waliamua kuchukua tahadhari. Wakanada walizalisha rapa yenye erusiki kidogo, iliyopewa jina la kanola. Kanuni za kimataifa za chakula, Codex, zinataka mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 2 ya erusiki, na Umoja wa Ulaya ulishusha kikomo chake kutoka asilimia 5 hadi 2 mwaka wa 2019.

Mwaka wa 2016 wataalamu wa Ulaya walikadiria kuwa mtu anaweza kula miligramu 7 kwa kila kilo ya uzani wake kwa siku bila wasiwasi. Kwa mwenye kilo 60 hiyo ni miligramu 420. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mbegu za kanzira kina zaidi ya gramu moja na nusu.

Mboga yenyewe haina hatia. Majani yana mafuta kidogo mno, na erusiki huwekwa akiba katika mbegu. Wala si haki kulilaani kundi zima la asidi hizi. Nta inayofanya matone ya mvua yateleze juu ya jani la sukuma wiki hutokana nazo, na ngozi na ubongo wa binadamu huzihitaji. (Kanzira, kwa nasaba, ni mtoto wa haradali nyeusi na jamii hiyohiyo ya sukuma wiki na kabeji.)

Viwandani, erusiki ni mali. Hutengenezewa erukamidi, kitu kinachozuia karatasi za plastiki kugandamana. Mifuko mingi ya aina iliyopigwa marufuku nchini Kenya Agosti 2017 iliwekwa kitu hicho. Mafuta ya kanzira yamewahi hata kurusha ndege: Oktoba 2012, jijini Ottawa, ndege ndogo iliruka kwa mafuta yaliyotokana nayo pekee.

Mfugaji anayewazia mashudu yake kwa ng'ombe azingatie jambo jingine. Yana glukosinolati, kemikali chungu zinazoweza kudhuru tezi ya shingo na kumpunguzia mnyama hamu ya kula zikizidi. Ng'ombe huzistahimili kuliko kuku na nguruwe, lakini kwa kiasi kidogo kilichochanganywa na malisho mengine.