NANGA KABLA YA TUFANI

Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa iliikumba Unguja, ikavivunja na kuvizamisha vyombo vingi vilivyokuwa vimetia nanga bandarini, zikiwamo merikebu za Seyyid Barghash, na ikaing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa kile. Watu wa siku zile hawakuwa na wa kuwapa khabari. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoielekea pwani ya Tanzania, wataalamu wa hali ya hewa walitangaza siku kadhaa kabla, na safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Basi mwenye mashua wa leo anayo neema ambayo wazee wetu hawakuipata, nayo ni siku mbili tatu za kujiweka tayari. Mashua ile aghalabu ndiyo shamba la nyumba nzima, na ada ya watoto imo humo.

Jambo la kwanza ni mahali. Yatakikana hori lililozungukwa na mikoko, lenye tope zito au mchanga chini. Matumbawe hukata amari kama msumeno. Wala asidanganyike mtu kwa kuwa pale pamesitirika na kusi. Katika upande wetu wa kusini ya ikweta upepo wa kimbunga huzunguka kama zendavyo akrabu za saa, na kitovu chake kikipita juu yenu, hutulia ghafula, kisha huja kwa nguvu kutoka upande wa pili. Katika utulivu ule wengi hutoka kwenda kutazama vyombo vyao, wakadhani yamekwisha.

Sasa tuje kwenye amari, maana hapa ndipo vyombo vinapopotea. Vijana wengi hudhani nanga hushika kwa uzito wake. Sivyo. Hushika kwa kuwa kucha zake zimezama chini, nazo zitakaa humo maadamu amari yaivuta kwa ubavu, ikiambaa na ardhi. Amari ikiwa fupi, kila wimbi liinualo omo huivuta nanga juu, nayo hung'oka kama muhogo. Tufanye hesabu. Maji yakipwa ni mita 3. Bamvua yaweza kuongeza karibu mita 4. Na toka usoni pa maji hata omoni ni mita 1. Jumla ni mita 8. Kwa tufani, kamba yatakiwa iwe mara 10 ya hizo, yaani mita 80. Mwenye mnyororo mtupu atatosheka na mara 7, mita 56. Nimeona wengi wakitoa mita 20 na kurudi nyumbani wakilala fofofo! Mwenye kamba na afunge mnyororo kidogo karibu na nanga, ili uivute chini. Na kwa kuwa amari ndefu huzungusha chombo duara kubwa, yampasa asemezane na jirani zake mapema.

Nanga ya pili itiwe mbali na ya kwanza, zipanuke mbele kama miguu ya mtu aliyejikita. Kamba ipitapo ukingoni izungushiwe ngozi au magunia, maana huko ndiko inakokatikia. Tanga livuliwe, foromali iteremshwe, turubali liondolewe: kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu yake huzidi mara nne. Ngama ikaushwe.

Limebaki moja, nalo wazazi hulisema kwa wepesi: "Mwanangu, lala chomboni ulinde mali." Mimi sikubaliani nalo kabisa. Nanga iking'oka usiku katika upepo ule, kijana mmoja hana la kufanya ila kuzama pamoja na hiyo mali. Na ateremke mchana, kabla ya mawimbi kupanda, aje na injini ikiwa yabebeka, na mafuta, na nyavu, na hati za chombo.