Protini Inayolisha Neva na Kuamsha Maumivu

Katika miaka ya 1950, mjini St. Louis nchini Marekani, Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen waliibaini protini inayozipa uhai seli za neva, ambayo leo huitwa NGF. Utafiti wao kuhusu vichocheo vya ukuaji uliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Panya wachanga walipodungwa kingamwili za kuizuia protini hiyo, karibu seli zao zote za neva za simpathetiki, zile zinazoongoza moyo na mishipa ya damu pasipo kuamriwa, ziliangamia. Hapo ndipo ilipoonekana jinsi mwili unavyojijenga: kiumbe akiwa bado anaumbika, neva huzalishwa kwa wingi kupita mahitaji, zinazofika kwenye tishu zake huikuta NGF na kuishi, nyingine hufa. Uhaba wa protini hiyo ndio unaochuja.

Ni rahisi basi kudhani kwamba ubongo unaodhoofika unahitaji tu kuongezewa NGF. Nakataa, na ushahidi upo. Miaka ya 1990, wagonjwa watatu wa Alzheimer nchini Sweden walitiwa NGF ndani ya ubongo. Wakapata maumivu ya mgongo na kupungua uzito. Kwa mtu mzima, tishu iliyojeruhiwa hutoa NGF, nayo huzifanya neva za maumivu ziwe kali zaidi. Watoto wanaozaliwa na kasoro katika kipokezi chake, TrkA, hawahisi maumivu wala hawatoki jasho. Huungua na kuvunjika mifupa bila kujua. Hata kuizuia NGF kuna gharama: dawa ya tanezumab ilipunguza maumivu ya magoti yaliyosagika, lakini viungo vya baadhi ya wagonjwa viliharibika haraka, na mwaka 2021 washauri 19 kati ya 20 wa mamlaka ya dawa ya Marekani waliona kwamba hatari hiyo haikudhibitiwa vya kutosha.

Atakayepinga atataja cenegermin, matone ya NGF yanayoponya vidonda vya konea iliyopoteza hisi. Ni kweli, nami nayafurahia, ila yanatiwa pale pale penye upungufu. Mwingine atasema mazoezi huongeza BDNF, ndugu yake NGF. Mazoezi yana faida nyingi, lakini hayathibitishi vidonge vinavyonadiwa kwa jina hilo: protini ikimezwa humeng'enywa tumboni kama nyama au maharage.