Nani analitaka jibu? Maswali ya historia kwenye barabara ya Nyakahura

Nyakahura ni kata ya wilaya ya Biharamulo iliyokaa kwenye barabara kuu, ile inayoanzia njia panda ya Lusahunga na kuelekea Benaco hadi mpakani Rusumo. Malori ya mizigo ya Kigali na Bujumbura yanapita hapo usiku na mchana. Wasubi, Wahangaza, Washubi, Waha, Wahaya na Wasukuma wanaishi jirani kwa jirani katika ukanda huu, na kila ukoo una habari zake za ulikotoka. Ndiyo maana vijiweni, siasa na mpira vikishaisha, mazungumzo huangukia historia.

Mjerumani alizika wapi dhahabu yake? Kwa nini Mhangaza na Mrundi wanasikilizana bila mkalimani? Ni kweli watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa siku moja? Na lipo lile linaloulizwa kwa sauti ya chini: wewe, babu yako alitoka wapi?

Sasa hivi maswali haya yanarudi nyumbani pia kupitia madaftari ya wanafunzi, kwa kuwa somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeingia darasani. Mzazi anaulizwa, anajibu alichosikia, mtoto anaandika. Kosa huanzia hapo. Tumezoea kuuliza chanzo ni kipi, kitabu au mzee, kana kwamba kimoja husema kweli na kingine huongopa. Swali lenye manufaa zaidi hutangulia hilo: aliyesema au aliyeandika alikuwa anatafuta nini, na anayeuliza leo analitaka jibu la kazi gani?

Dhahabu iliyozikwa na karatasi zilizozikwa

Swali la dhahabu ya Mjerumani lina wateja wengi Tanzania nzima. Wapo wanaozunguka na vipimo vya madini, wapo wenye ramani zilizochakaa kwa kukunjwa, wapo wanaokuonyesha jiwe lenye alama ya msalaba na kuapa kwamba chini yake kuna kreti. Wengine wanauza rupia ambayo eti huvuta punje za mchele. Wote hutegemea methali moja: lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Lililopo kweli ni hili. Wajerumani walikuwa hapa, na boma lao la Biharamulo, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, bado limesimama. Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Biharamulo, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Tabora, mji ambao nao ulianguka Septemba 19 mwaka huohuo.

Tazama sasa walichokuwa nacho mfukoni. Vita vilikuwa vimefunga njia ya bahari, na sarafu hazikuja tena kutoka Ujerumani. Karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha fedha. Ikatoa heller 5 na heller 20 za shaba, zenye sura ya haraka haraka, kisha ikatoa sarafu ya dhahabu ya rupia 15, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Iramba. Upande mmoja ina tai wa Ujerumani, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima. Zilitengenezwa takriban 16,000 tu. Serikali iliyofika mahali pa kugonga shaba ili ilipe askari na vibarua haikuwa na kreti za dhahabu za kuacha chini ya kila jiwe lenye alama.

Walichozika Wajerumani, na kwa hilo ushahidi upo, ni karatasi. Sehemu ya majalada ya serikali yao ilifukiwa wakati wa vita isiangukie mikononi mwa adui, na baada ya vita yakafukuliwa. Majalada ya enzi hiyo yaliyosalia yako katika Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Mengine ya wizara yao ya makoloni yako Berlin. Ndani yake kuna mashauri ya ardhi, kodi, magonjwa na barua za maofisa. Msomaji anajaza fomu, anasubiri jalada lake mezani, na akilifungua anakuta Kijerumani cha mwandiko wa zamani ambacho hata Wajerumani wa leo hujifunza kukisoma. Kazi hiyo haina utajiri wa ghafla, ndiyo sababu haina foleni.

Kwa wenye majembe: Sheria ya Malikale ya mwaka 1964 inataka kibali kabla ya kuchimba kutafuta vitu vya kale. Anayekuuzia ramani hatakukumbusha hilo.

Hongo ya Suwarora

Ukanda huu uliingia vitabuni mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, walipita wakielekea Karagwe na Buganda kutafuta chimbuko la mto Nile. Katika kitabu chake cha mwaka 1863, Speke aliiita nchi hii Usui, ndiyo Usubi, na mtawala wake akamwandika Suwarora. Anayoyasema juu ya Suwarora ni malalamiko matupu: amecheleweshwa, amedaiwa hongo ya nguo na nyaya za shaba, kila ofisa naye ametaka chake, na mfalme mwenyewe hakumwona.

Mwanafunzi akiusoma ukurasa huo peke yake ataandika kwamba Usubi ulitawaliwa na mlafi. Lakini msema pweke hakosi. Speke alikuwa mpita njia mwenye bidhaa, na hongo ilikuwa ushuru wa njia. Kila msafara wa biashara uliulipa ili upate ruhusa ya kupita, kambi na chakula. Dereva wa lori anayengoja mizigo yake ikaguliwe Rusumo naye, akiombwa aandike historia ya forodha, hataandika sifa. Mbele kidogo, Karagwe, Speke alipokewa kwa ukarimu na mfalme Rumanyika, na kurasa zake zikajaa sifa. Kalamu ileile ilifuata alivyotendewa mwenye nayo.

Hiyo haifanyi kitabu cha Speke kuwa uongo. Tukiondoa hasira zake, tunabaki na mambo ambayo hakukusudia kuyathibitisha: kwamba Usubi ulikuwa na utawala wenye maofisa wa ngazi kadhaa, uliojua nani anapita na ana nini, na ulioweza kumzuia mgeni mwenye bunduki mpaka alipe. Chanzo chenye kinyongo hutoa ushahidi mzuri kikiulizwa lile ambalo hakikuwa na sababu ya kulipotosha.

Wazee walikosea mfalme, wakapatia mahali

Wapo wanaodhani dawa ya kitabu cha mgeni ni simulizi la mzee. Katuruka, eneo la Maruku upande wa Bukoba, linatufundisha tuende taratibu. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwasikiliza wazee wa Kihaya wakimsimulia habari za mfalme Rugomora Mahe, aliyeamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma ufike mbinguni. Wazee walimwonyesha mahali penyewe. Akachimba, akakuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma, na vipimo vya mkaa vikaonyesha umri wa zaidi ya miaka 2,000. Rugomora Mahe anahesabiwa kuwa mtu wa karne ya 17.

Kwa hiyo simulizi lilikosea mfalme na likapatia mahali. Wataalamu nao wamebishana kuhusu tarehe za mbali zaidi, kwa sababu mkaa hupima umri wa mti na hausemi ulichomwa lini, na mti mkongwe huongeza miaka. Lakini hakuna maktaba ambayo ingempeleka mtu moja kwa moja kwenye kile kiwanja. Biharamulo yenyewe ina Warongo, mafundi wa chuma ambao majembe yao yaliuzwa hadi Usukumani, na anayelima akikwangua mavi ya chuma shambani ameshika ushahidi usiohitaji msemaji.

Lakini wazee wenyewe hawakungoja waulizwe. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata ugonjwa ulipita katika familia nyingi ukaondoa na waliojua habari za ukoo kabla hawajarithisha.

Mpaka na swali la babu

Kuhusu Mhangaza na Mrundi, karatasi zipo nyingi na zote zina upande. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mei 1919, Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji walikubaliana namna ya kugawana Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ubelgiji ilipata Ruanda na Urundi. Gisaka, mashariki mwa Rwanda, ilikatwa ikapewa Waingereza waliotaka njia ya reli, kisha baada ya malalamiko ikarudishwa Rwanda kufikia mwaka 1924. Bugufi, nchi ya Wahangaza, ambayo sasa iko Ngara na ambayo ilikuwa chini ya mwami (mfalme) wa Urundi, haikurudishwa. Ilibaki Tanganyika, na ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipozuru mwaka 1948, mwami Mwambutsa aliidai.

Anayesoma madai ya mwami atasadiki, na anayesoma majibu ya Waingereza atasadiki pia. Kila upande ulikuwa unajenga kesi. Lugha nayo haiamui shauri: Kiha cha Kibondo na Kasulu pia kinasikilizana na Kirundi, na mipaka ya lugha ilikuwapo kabla mtu yeyote hajaketi Ulaya na ramani.

Hapa ndipo swali la babu linapoacha kuwa la udadisi. Julai 2013, Rais Jakaya Kikwete akiwa ziarani Kagera, wahamiaji wasio na vibali walipewa wiki mbili waondoke. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga, katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na maelfu wakaondoka au wakaondolewa. Katika msimu wa namna hiyo, simulizi la mahali ukoo ulikotoka lina bei. Mtu aliyejivunia kwamba babu yake alikuja na ng'ombe kutoka ng'ambo ya Ruvubu anaweza kulifupisha simulizi lake, na jirani mwenye mgogoro wa shamba akalirefusha.

Wakoloni waliliona jambo hilo kabla yetu. Gavana Donald Cameron alipoleta utawala wa kupitia machifu kuanzia mwaka 1925, mabwana shauri waliagizwa kuandika historia za makabila na nasaba za watawala katika vitabu vya wilaya, ambavyo vimehifadhiwa hadi leo. Ni hazina kwa mtafiti. Lakini nasaba ndefu ilikuwa tikiti ya cheo na mshahara, na msimuliaji alijua hilo tangu bwana shauri alipofungua daftari. Ukiisoma orodha ya watawala katika vitabu hivyo, mtafute aliyetoa habari, na uone ukoo gani haupo.

Kwa atakayekwenda kutafuta majalada, ajue mahali hapa pamebadilishwa majina. Usubi wa Wajerumani na Waingereza unapatikana chini ya Bukoba na Jimbo la Ziwa. Baadaye chini ya Ziwa Magharibi, jina la mkoa kabla haujaitwa Kagera baada ya vita na Idi Amin. Chato ilimegwa kutoka Biharamulo na mwaka 2012 ikahamia mkoa mpya wa Geita. Anayetafuta neno Kagera katika karatasi za mwaka 1950 atapata habari za mto.

Hesabu ya daraja

Lile la Rusumo lina mashahidi walio hai. Aprili 28 na 29, 1994, katikati ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, umati ulivuka daraja kuingia Ngara, na mashirika ya Umoja wa Mataifa yakatangaza takriban watu 250,000 kwa muda wa siku moja. Benaco, walikopiga kambi, ikageuka mji. Taarifa nyingine hutaja idadi ndogo zaidi, na haishangazi: hakuna aliyesimama darajani akihesabu vichwa, makadirio ya kwanza yalikuwa ya macho, na uandikishaji kambini ulifuata baadaye, huku kila kadi ikiwa na mgao wa chakula. Aliyeomba misaada, aliyetaka kadi mbili na aliyetaka kupunguza uzito wa jambo, wote walikuwa na sababu ya kutaja namba fulani.

Idadi kamili hatutaipata kijiweni. Lakini kijiweni wapo waliouza maji, waliopakia watu kwenye malori, waliokatiwa miti ya mashamba kwa ajili ya kuni, na walioona kambi zikifungwa baada ya Serikali kutaka wakimbizi warejee kwao kufikia mwisho wa Desemba 1996. Wapo pia abiria waliopita mapori ya Biharamulo miaka ile mabasi yakisindikizwa na polisi kwa hofu ya majambazi. Hao hawahitaji Berlin wala Upanga ili waulizwe.

Mwalimu anaweza kuanza nao kesho. Wanafunzi wawasikilize watu watatu wa koo tofauti, kila mmoja peke yake, wasiige majibu. Tarehe zifungwe kwenye mambo yanayojulikana: Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, daraja la 1994. Daftari za ubatizo za parokia kongwe na kumbukumbu za ofisi ya kijiji zilinganishwe na walichosema. Simu ya mkononi inatosha kurekodi, ila kila rekodi ianze na jina la msemaji, tarehe, na mahali alipokuwa siku ya tukio. Na kama ana shamba, cheo au kesi inayotegemea jibu lake, liandikwe hilo pia, kwa heshima, pembeni mwa maneno yake. Atakayeusoma ushahidi huo miaka hamsini ijayo atalihitaji.